Jeraha Nililolibuni

Juzi alikuja mtu kutoka ng'ambo ya ziwa, akaketi barazani kwangu hapa Rumonge, akaniambia huku akitabasamu kwamba kwao ameuawa mtu na kutupwa kisimani, na kwamba habari yake ni tamu. Hilo ndilo neno alilolitumia: tamu. Alikuwa amebeba karatasi mpya kutoka Ujiji, zimefungwa kwa kitambaa, ili nisipate udhuru wa kukosa cha kuandikia. Nilimwuliza aliyeuawa alikuwa nani. Hakujua. Nilimwuliza kama ameacha watoto. Hakujua. Alichokijua ni urefu wa panga na namna mwili ulivyotolewa majini, na hayo aliyajua kwa ukamilifu kuliko wengi wanavyoijua sala yao. Nilimrudishia karatasi zake, nikamwonyesha njia ya kurudi kwenye mitumbwi.

Aliondoka akinung'unika, na jioni nilisikia kwamba amewaambia watu kuwa mwalimu amezeeka na kalamu yake imekauka. Na aseme. Nimemkasirikia, lakini sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha watu wa ufuko huu ladha ya namna hiyo. Nimeandika kisa kimoja tu cha mauaji maishani mwangu. Kwa ajili ya kisa hicho mtu asiye na hatia alifungwa mnyororo shingoni, akapelekwa Usumbura kungoja kunyongwa, kwa jeraha ambalo halikuwapo popote duniani ila kwenye karatasi yangu.

Wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Usumbura, na huku kwetu walifika mara chache, kwa merikebu yao ya moshi au kwa kikosi cha askari kilichokuja kutafuta wapagazi. Mimi nilikuwa nimewahi kuwa karani wao Ujiji. Nilijua kuandika kwa herufi za Kiarabu na kwa herufi zao pia, nikaiacha kazi hiyo, nikaja Rumonge kusomesha. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika mji huu, na jambo hilo nililihesabu kuwa wema, kana kwamba kusoma na kuwa mwema ni kitu kimoja.

Basi asubuhi moja mvuvi mmoja alimkuta mwanamke amekufa kwenye matete, kusini ya mji, pale kijito kinapoingia ziwani. Alikuwa mwanamke wa mji wetu, mjane wa makamo, mnunuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Aliwanunua wabichi kwa wavuvi, akawaanika mchangani, akawabeba kwa kikapu hadi vilimani kuwauza kwa Warundi. Kikapu chake hakikuonekana. Mvuvi alivua shuka yake, akamfunika papo hapo, akakimbia kuwaita wanawake. Wanawake walimbeba akiwa amefunikwa, wakampeleka kwa mwosha maiti wa mji, akaoshwa, akakafiniwa, akazikwa kabla ya adhuhuri. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Hakuna mwanamume mwingine aliyeuona mwili ule, na hata mwanamke aliyemsaidia mwosha maiti alimwaga maji akiwa amegeuza uso, kama ilivyo adabu.

Mji mzima ulisema ameuawa. Huenda ni kweli. Mimi niliamua kuandika habari yake, na nilijiambia kwamba nia yangu ni mawaidha: wauaji waogope, na wasafiri wajihadhari. Nilijiambia hivyo mara nyingi, kwa maneno mazuri, na nadhani mtu anayehitaji kujiambia nia yake mara nyingi namna hiyo angepaswa kuitilia shaka.

Niliifanya kazi hiyo kwa bidii, sitakana. Nilikwenda kwa yule mvuvi, nikamwuliza alichokiona. Alinijibu kwamba aliona mguu na pindo la nguo, kisha akafunika. Nilimwuliza kama kulikuwa na damu. "Mwalimu," alisema, "nimekwambia nilifunika." Nilipanda mtumbwi hadi Gitaza, kwa mdogo wa kike wa marehemu, nikamkuta akigeuza ndagala juani. Alilia, na mimi niliandika kwamba alilia. Nilimwuliza maadui wa dada yake. Alianza kunieleza habari za dada yake, jinsi alivyokuwa mchekeshaji, jinsi alivyomlea yeye baada ya mama yao kufa. Nilimsikiliza kwa uvumilivu kidogo, kwa sababu hayo sikuyahitaji, wala sikuyaandika.

Mwisho nilikwenda kwa mwosha maiti. Yeye ni bibi wa miaka mingi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, ambaye amewaosha wanawake wa mji huu tangu kabla ya Wadachi. Nilimsalimia kwa heshima, nikamwambia shabaha yangu, nikamwuliza majeraha yalikuwa mangapi na yalikaa wapi.

Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo.

"Mwanangu," alisema, "aliyelala mbele yangu ameniamini."

Nilijua alichokisema. Nilikuwa nimekifundisha mwenyewe, tena kwa sauti kubwa: anachokiona mwosha maiti kwenye mwili hukizika pamoja na mwili. Nilijua, na bado nilimshurutisha. Nilimwambia kwamba habari hii itawafaa watu. Alivuta ungo wake wa mchele. Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kupayuka. Aliendelea kuchambua. Niliondoka nikiwa nimeudhika, nikimwona bibi mjinga anayezuia elimu.

Na kwa kuwa hakunipa jeraha, nililitengeneza.

Nataka msomaji alielewe jambo hili vizuri, kwa maana ndilo aibu yote. Sikuwa na chembe ya habari. Niliketi kwenye mkeka wangu, mchana, nimeshiba, nikachonga kalamu ya tete, nikampa mwanamke yule mkato mmoja wa shingo. Nilichagua mundu, kisu kile cha kupinda cha kukatia mikungu ya michikichi, kwa sababu kinatisha kuliko kisu kilichonyooka. Kisha nikafikiri: ni mkono upi? Mkono wa kulia ni wa kulia chakula na wa kusalimia. Mkono wa kushoto ni wa najisi. Mimi mwalimu wa maadili sikuweza kumpa muuaji mkono wa heshima, kwa hiyo niliandika kwamba alimkata kwa mkono wa kushoto, na kwamba mkato ulionyesha hivyo kwa namna ulivyoelekea. Nilipendezwa sana na mstari huo. Niliusoma kwa sauti peke yangu. Muuaji sikumpa jina. Niliandika "mtu mmoja", nikaona nimekuwa mwangalifu.

Mwishoni niliweka kurasa mbili za mawaidha.

Nilikisoma kisa hicho mara ya kwanza baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza ya mfanyabiashara wa nguo, mtu mnene anayependa kila kitu kinachowaleta watu mlangoni pake. Walikuja wengi, wakakaa hadi barabarani. Nilipofika penye mundu palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia nzi. Nilipomaliza, mwenye baraza alisema, "Rudia pale pa mkono, mwalimu." Nikarudia. Mwingine akasema, "Mwalimu, hebu tuambie, ulijificha nyuma ya mti upi?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipoanza mawaidha kwa mara ya pili, watu walikuwa wanatafuta viatu vyao.

Katika siku zilizofuata walikuja kuomba kukinakili. Niliwaruhusu, kwani ndivyo maandishi yanavyosafiri kwetu: unaazima, unanakili, unarudisha. Nilitazama baadhi ya nakala hizo baadaye. Wote walikuwa wamenakili mundu. Hakuna hata mmoja aliyenakili mawaidha. Mmoja, ambaye namjua kuwa mcha Mungu katika mambo mengine yote, aliniambia kwamba karatasi zilimwishia.

Haukupita muda, askari wanne walishuka kwa mtumbwi kutoka Usumbura, wakapanda moja kwa moja kwenye mashamba ya michikichi, wakamkamata mkwezi mmoja. Alikuwa Mrundi, mtu wa makamo kama mimi, aliyeishi nyuma ya mji na mke wake na watoto. Kazi yake ilikuwa kupanda michikichi kwa kamba kiunoni na kukata mikungu, ambayo mke wake aliichemsha na kuikamua mawese. Kila mtu alinunua mawese yake. Na kila mtu alijua kwamba anatumia mkono wa kushoto. Watoto walimwigiza jinsi anavyoning'inia upande mmoja akikata kwa upande mwingine.

Mimi pia nilijua. Nilipokuwa nikiandika sikumkumbuka. Sidai hiyo kuwa kinga. Ni hatia nyingine. Nilikuwa nimemwona mtu huyo kila juma kwa miaka, nikanunua mafuta kutoka mkononi mwake, na akili yangu ilikuwa na nafasi ya mkono wa kutisha lakini haikuwa na nafasi ya mwenye mkono.

Nilikimbia kwa jumbe wa mji. Yeye ndiye aliyepeleka habari bomani, na alinipokea kwa furaha, akaagiza niletewe kahawa.

"Umetusaidia, mwalimu," alisema. "Sisi tulikuwa tunapapasa tu."

Nilimwambia kwamba nimeyatunga. Nilimwambia waziwazi: hakuna mundu, hakuna mkono, sikuambiwa na mtu.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Nayajua hayo. Mtu akishasema kweli mbele ya serikali, moyo humdunda. Usiogope. Watu wa yule mshenzi hawatakugusa."

"Siogopi. Nasema ni uongo."

"Basi uliujuaje mkono?"

"Sikuujua. Niliuchagua."

Hapo alicheka kwa dhati. "Mtu hachagui mkono wa muuaji, mwalimu. Nimekisikia kisa kile mara tatu. Kitu kilichoandikwa vizuri namna ile hakiwezi kuwa uongo."

Nimesomewa sifa nyingi maishani, lakini hakuna iliyowahi kunichoma kama hiyo. Nilimwacha na kahawa yake. Nje, watu walinipa mkono. Walikuwa wamepata muuaji ambaye si ndugu ya mtu yeyote mjini, asiyesali nao, ambaye mafuta yake yangeweza kununuliwa kwa mwingine. Niliwachukia. Walikuwa wasomaji wangu.

Habari zilifika kwamba Bwana Shauri, yule Mdachi aliyehukumu kesi, atalisikiliza shauri hilo atakaporudi kutoka safari ya milimani, na kwamba adhabu inajulikana: kitanzi. Nilirudi kwa mwosha maiti. Safari hii nilikwenda na vitabu viwili vya fikihi chini ya kwapa. Nilivifungua mbele yake, nikamsomea na kumfasiria: siri ya maiti husitiriwa, lakini nafsi iliyo hai ikiwa hatarini, aliyeona ana ruhusa ya kusema. Nilizungumza kwa muda mrefu na kwa ustadi. Alisubiri nimalize.

"Hayo nayajua bila kitabu," alisema. "Alinifundisha mama yangu. Sasa nijibu wewe. Siku ile uliponijia, nafsi gani ilikuwa hatarini?"

Nilivifunga vitabu.

"Hapakuwa na nafsi," alisema. "Palikuwa na masikio ya watu. Ulitaka nimvue marehemu mbele ya masikio ya watu. Nilipokataa, ulimvua mwenyewe, ukamvika majeraha yako. Wanawake wamekuja hapa kuniuliza kama ni kweli shingo ilikuwa hivi. Mimi! Nyumbani kwangu!"

Nilimwambia kwamba mkwezi atakufa.

"Hatakufa kwa sababu yangu. Nitakwenda. Nitasema neno moja, si mawili. Lakini utatangulia wewe. Utasema kwanza kwamba umesema uongo, nami nikusikie kwa masikio yangu. Usipotangulia, mimi siko."

Kwa kweli nilikuwa nimetumaini kwamba yeye ataokoa mtu na mimi nitaokoa jina. Nilikuwa nimepanga mapema maneno ya kumweleza Bwana Shauri, kwamba habari zilinifikia kwa njia isiyo madhubuti. Bibi yule hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa ameisoma nia hiyo.

Tulisafiri kwa mtumbwi mkubwa wa biashara, siku mbili, tukiufuata ufuko kuelekea kaskazini. Mchana wa siku ya kwanza tulitua Gitaza kununua chakula. Kwenye mchanga, kati ya mikeka ya ndagala, kulikuwa na kundi la watu limekaa duara, na katikati yake kijana mmoja amesimama na karatasi. Alikuwa anasoma kisa changu. Alisoma vizuri. Alipofika penye mundu aliweka karatasi kwenye mkono wa kulia ili auinue wa kushoto, akamkata shingo mwenzake aliyekuwa amepiga magoti kwa ajili ya kazi hiyo, na watu wakapiga kelele za raha. Hatua ishirini kutoka hapo, mdogo wake marehemu alikuwa ameinama juu ya ndagala zake, mgongo amewapa. Sijui alikuwa amekisikia mara ngapi.

Niliivamia ile duara, nikampokonya kijana karatasi. Niliwaambia kwamba wanachezea maiti, kwamba dada wa marehemu yu hapa, kwamba hawana haya. Walinitazama kwa mshangao wa kweli. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyejibu, bila ubaya wowote sautini.

"Pole pole, baba. Si sisi tulioandika."

Wengine hawakunitambua. Nilirudi mtumbwini. Mwosha maiti alikuwa ameona yote, akanipa kipande cha muhogo. Yule dada sikumwendea. Nilikuwa na hasira ya kutosha kwa watu arobaini lakini sikuwa na ujasiri wa kumkabili mwanamke mmoja. Tulilala Kabezi, na kesho yake tukaingia Usumbura.

Mkwezi nilimwona uani mwa boma, katika mnyororo na watu wengine saba, wakibeba mawe. Pingu ya mguuni ilikuwa imemla kifundo, na jeraha lake lilikuwa limefungwa jani. Aliniona. Hakujua kwamba ni mimi niliyemfikisha pale. Alinisalimia, "Amahoro, mwalimu," kwa furaha ya mtu anayeona uso wa kwao, akaniuliza kama nimepita kwa mke wake. Sikuwa nimepita. Nilimwambia kwamba hajambo.

Mkalimani wa Bwana Shauri alikuwa mtu wa pwani, nadhifu, mwenye saa. Aliposikia mimi ni nani aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alikuwa na nakala. Alisema kisa kile kimemwogopesha kuoga ziwani, na kwamba ninapaswa kuandika vingine. Nilimjibu kwamba nimekuja kukikana. Alidhani natania, na ilibidi nimwambie tena.

Bwana Shauri alikuwa kijana kuliko nilivyotazamia, amechomwa na jua, na amechoka. Nilisema nilichokuja kusema. Alisikiliza tafsiri, akauliza swali, na mkalimani akanigeukia: Bwana anauliza, karatasi nzima ni uongo, au sehemu? Nikasema sehemu. Basi Bwana anataka kujua ni ipi. Akaagiza isomwe yote, mstari kwa mstari, na kila mstari niseme.

Ilichukua muda mrefu. Mkalimani alisoma, akasimama, akanitazama, nami nikasema "kweli" au "uongo", na karani akaandika. Mjane alikuwa mnunuzi wa ndagala: kweli. Alikutwa kwenye matete: kweli. Alipiga yowe mara mbili: uongo. Kulikuwa na mbalamwezi: uongo. Alimtambua muuaji wake, akamsihi: uongo. Mundu: uongo. Mkono: uongo. Uwanja ulijaa watu waliokuwa na mashauri yao, na mwanzoni walinong'ona, kisha wakaanza kucheka, kwa maana kila mstari uliowapendeza niliuita uongo na kila uliowachosha niliuita kweli. Mkwezi alikuwa ameketishwa chini, mnyororo umelala mapajani mwake. Alikuwa akisikiliza kwa makini sana, na nilimwona anavyoelewa kidogokidogo yeye yuko pale kwa sababu gani. Hakupiga kelele. Alikunja tu ule mkono wake wa kushoto, akauficha chini ya shuka.

Kisha mwosha maiti aliitwa. Alisimama, mtandio umefunika kichwa, akasema kwamba yeye ndiye aliyemwosha marehemu, na kwamba kwenye mwili ule hapakuwa na jeraha la chuma, hata moja. Bwana Shauri aliuliza: basi alikufa kwa nini? Bibi alisema kwamba amekwisha kusema. Aliulizwa tena, kwa ukali, na askari akasogea. Alisema kwamba kilichobaki hakimfungi wala hakimfungui mtu aliyepo hapa, na kwamba yeye atakutana na marehemu yule siku moja na hataki kuona haya. Mkalimani alitafsiri kwa muda. Mdachi aliuma sharubu zake, kisha akampungia mkono akae.

Mkwezi alifunguliwa siku hiyo. Mimi nilihukumiwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kuisumbua serikali, na nililazwa kifudifudi kwenye uwanja uleule. Sitaeleza. Walikuwapo watu waliokuja kutazama tu, na najua walichokuja kutafuta. Jumbe wetu, aliyempeleka mtu kwenye kitanzi kwa kisa alichokisikia barazani, hakuulizwa neno, na yu jumbe hadi leo. Na kifo cha mjane yule kiliandikwa kuwa ni maji. Kama aliuawa, basi aliyemwua anatembea kwa amani, kwa sababu baada ya uongo wangu hakuna karani aliyetaka tena kusikia habari yake. Hilo nalo ni kazi ya kalamu yangu.

Mkwezi hakupanda tena mchikichi. Kifundo kilipona vibaya, na mguu hauwezi kukaza kwenye kamba. Wapo wanaomkatia mikungu sasa, mke wake anakamua, na yeye anabeba mawese kwenda kuuza sokoni kwa miguu, akichechemea. Nilikwenda kwake mara tu mgongo wangu ulipopona. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya toba. Alinikatiza.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nilisikia ile ya vipandevipande tu, kweli, uongo, kweli, uongo. Nisomee yote. Usiruke."

Nilimsomea kisa chote, mchana kweupe, uani kwake, sufuria ya chikichi ikichemka, mke wake amesimama nyuma yake. Sijawahi kusoma kwa sauti mbaya kiasi kile. Alipoona nimenyamaza, aliuliza kama imekwisha. Nikasema imekwisha.

"Huyu mama alikuwa anapita hapa," alisema. "Mke wangu akizaa, analeta ndagala. Hataki kitu. Anakaa na mutoto, anamucheka masikio. Hiyo iko wapi?"

"Haimo."

"Haimo," alirudia, akamtazama mke wake. "Basi hukumujua."

Kisha akaniambia anachokitaka. Hakutaka toba, wala hakutaka niandike kisa kingine cha kumsafisha. Alisema kwamba Rumonge wanajua amefunguliwa, lakini Nyanza, kusini ya ufuko, wana ile karatasi tu, na akifika sokoni huko watu wananusa mafuta yake, wanaweka kibuyu chini, wanakwenda kwa mwingine. Asipouza Nyanza, watoto hawali. Alitaka niende naye.

Nimekuwa nikienda. Kwanza nilimtafuta mwenye nakala ya Nyanza, nikamwomba anirudishie. Aliniletea niione, kwa fahari. Ilikuwa na majeraha saba. Nilimwambia kwamba hiki ni kitu changu, nami nataka kukichoma. "Hii si yako, mwalimu," alinijibu. "Yako ilikuwa na jeraha moja." Akaikunja, akairudisha sandukuni.

Kwa hiyo siku ya soko nasimama kando ya mkwezi, mbele ya vibuyu vyake, mimi niliyesoma vitabu vingi, na kila anayesita namwambia: huyu hakuua mtu, mimi ndiye niliyesema uongo, nikachapwa kwa uongo huo Usumbura. Baadhi wananunua. Baadhi wanacheka na kwenda zao. Soko lililopita alikuja mwanamume mmoja mwenye kanzu safi, akanisikiliza hadi mwisho, uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Kumbe ni wewe uliyeandika," alisema. "Basi, kwa kuwa upo, hebu tusomee pale pa mundu."

Nilifungua kinywa, na sijui ni tusi gani lingetoka. Mkwezi alinitangulia, bila kuinua macho kutoka kwenye kibuyu alichokuwa anakifuta.

"Nunua mafuta, baba, ao uende."

Yule mtu alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaenda.